Mdudu Mwekundu Akujiaye kwa Taa

Masika yakishika na taa zikawashwa magharibi, aghalabu huingia nyumbani mdudu mwembamba, mwepesi wa kukimbia ukutani, ambaye kwa mbali hudhaniwa ni siafu. Naye asiyemjua, akimhisi shingoni, humponda kwa kiganja, na tendo hilo ndilo asili ya taabu yote.

Heri kumtazama kwanza. Urefu wake haupindukii sentimita moja. Kichwa ni cheusi, kifua ni cha rangi ya chungwa bivu, kisha pana gamba fupi la buluu au kijani lenye kung'aa, lililomkaa mgongoni mithili ya kizibao, na chini yake zimekunjwa mbawa. Baada ya hapo tumbo li wazi, jekundu, na ncha yake nyeusi. Akibughudhiwa huinua mkia, hata mtu akadhani atachoma, ilhali hana mwiba, wala haumi.

Huyu ndiye nzi wa Nairobi, ambaye kwa nasaba si nzi bali ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus, na ndugu zake wameenea katika nchi nyingi za joto. Mvua za Elnino za 1997 na 1998 zilipoirovya Kenya, walizidi mno.

Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, nayo hutengenezwa na bakteria wakaao katika jike. Akipondwa, ngozi haioni kitu saa ile. Lakini kabla ya siku mbili kupita huwa nyekundu, ikawaka, yakatoka malengelenge yaliyojipanga kwa mstari pale kiganja kilipomburuta, na penye kikunjo cha kiwiko jeraha hujichapa upande wa pili. Wengi hudhani ni mkojo wa buibui, amma mkanda wa jeshi, wakajipaka dawa zisizohusiana na maradhi yenyewe.

Kwa insafu, shambani mdudu huyu ana manufaa, kwani hula vidukari na wadudu wengine waharibifu. Hapana haja ya kumwua.

Basi akikutua mkononi, mpulize, au mpandishe juu ya karatasi umtoe nje. Ikiwa amekwisha pondeka, osha mahali pale upesi kwa sabuni na maji mengi, wala usipeleke mkono machoni. Watoto walale ndani ya chandarua, taa isiyo na kazi izimwe, na jicho likivimba, mgonjwa apelekwe kwa tabibu bila ya ajizi.