Bustani iliyopangwa vyema ni ukumbi wa mazoezi usio na ada

WAKENYA wengi wanapozungumzia mazoezi ya viungo, fikra zao huenda moja kwa moja kwa kumbi za kulipia ada, au mbio za alfajiri kando ya barabara zenye magari mengi. Ilhali baadhi yao wana ua ambao, ukipangwa vyema, waweza kuwapa sehemu kubwa ya mazoezi wanayohitaji.

Haja hiyo si jambo la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake, kiwango hicho kilifika asilimia 38.5. Uzani wa aina hiyo huandamana na shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Mwongozo huo uliondoa sharti la awali kwamba zoezi lidumu angalau dakika 10 ndipo lihesabiwe. Haba na haba hujaza kibaba: dakika tano za kupalilia asubuhi na nane za kubeba maji jioni zote huhesabika.

Tatizo ni kwamba nyua nyingi za mijini hazimpi mwenyewe sababu ya kusogea. Sehemu kubwa imefunikwa kwa saruji au kabro kwa ajili ya gari. Palipobaki ni nyasi za kutazamwa kutoka dirishani, na aliyeajiriwa kuzikata huja mara moja kwa wiki. Mwenye nyumba hugharamia bustani, lakini manufaa ya jasho humwendea mwingine.

Jambo la kwanza katika kuipanga upya ni njia. Ploti ya futi 50 kwa 100, iwapo nyumba imeacha nafasi pande zote, ikizungushiwa njia ambayo katikati yake ni futi tatu kutoka ukutani, hutoa mzunguko wa takriban mita 84. Mizunguko 12 hutimiza kilomita moja, yaani mwendo wa karibu dakika 12.

Njia hiyo iwe na upana wa futi nne ili watu wawili watembee sambamba. Ishindiliwe kwa changarawe, wala isiwekwe vigae laini vinavyoteleza wakati wa mvua ya masika.

Jambo la pili huenda likaonekana kinyume na mazoea: vitu vinavyohitajiana visiwekwe pamoja. Tangi la maji liwe pembe moja, mboji pembe nyingine, na mboga upande wa mbali. Sukuma wiki, managu na kunde huhitaji maji wakati wa kiangazi, hivyo mwenye bustani atalazimika kwenda na kurudi.

Mtungi wa lita 10 uliojaa huzidi kilo 10. Ni afadhali kubeba miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, ili mgongo usielemee upande mmoja. Aidha, kugeuza mboji kwa jembe la meno huifanyisha kazi mikono, mgongo na mapaja.

Wazee wasisahaulike. Matuta yao yainuliwe kwa mawe au mbao hadi kimo cha sentimita 75 hivi, na upana usizidi futi nne ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Benchi chini ya kivuli huwapa pa kupumzikia. Watoto nao waachiwe sehemu wazi ya kuchezea kati na kuruka kamba, hata kama italazimu kupunguza maua.

Asiye na ploti hajakosa yote. Kilimo cha mboga katika magunia, ambacho kimewafaa wakazi wa Kibera kwa miaka mingi, huhitaji nafasi ndogo sana mlangoni.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Anayeinua mzigo akunje magoti badala ya kupinda mgongo. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza kazi nzito. Katika maeneo yenye joto kama vile Pwani, kazi ifanywe asubuhi mapema au jioni.

Vilevile, mapipa ya maji yafunikwe. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, huzaana katika maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani.

Bustani ina sifa moja ambayo kumbi za kulipia hazina. Anayekosa kwenda ukumbini hupoteza ada pekee, na pengine asiijutie. Anayeipuuza bustani huona mboga zikinyauka mbele ya macho yake, na deni hilo ndilo humwinua kitini kila jioni.