Pima Maji Kwanza, Kisha Shamba

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na visima. Hiyo ndiyo miezi nyanya na mchicha hupanda bei, kwa hiyo kila mwenye kisima hutamani bustani. Wengi huanzia pabaya: wanapima shamba, wanasia mbegu kitaluni, halafu maji yanaanza kutafutwa miche ikishahamishiwa shambani.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiangazi kikikolea, nyanya iliyokwisha kutanda majani na kuanza kuzaa hutumia takriban lita 7 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Tuta lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 litataka madumu matatu na nusu ya lita 20. Robo ekari itataka zaidi kidogo ya lita 7,000, kila siku. Mwenye tangi la lita 1,000 linalojaa mara moja kwa siku asipande zaidi ya mita 140 za mraba, hata kama baba yake alimwachia ekari tatu. Nalisisitiza hili kwa sababu nyanya haivumilii kushibishwa leo na kuachwa na kiu siku nne. Maua hupukutika, kitako cha tunda huwa cheusi, na yaliyosalimika hupasuka maji yanaporudi kwa wingi.

Ukishajua una maji kiasi gani, jiulize yanapotelea wapi. Katika wiki za kwanza baada ya kuhamisha miche, majani bado ni machache na udongo uko wazi, hivyo sehemu kubwa ya maji hupanda hewani bila kupita kwenye mmea. Hapo ndipo matandazo yanapolipa kuliko wakati mwingine wowote. Tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga kwa kina cha vidole vinne, ukiacha nafasi kuzunguka shina lisije likaoza. Mabua ya mtama na uwele ni mazuri pia, ila najua kiangazi hayo ni chakula cha ng'ombe, na sitamwambia mfugaji awanyime. Maganda ya karanga hayagombaniwi hivyo; omba kwenye mashine za kubangua.

Umbo la tuta nalo lina maneno yake. Matuta yaliyoinuliwa yanafaa penye mvua nyingi, yasaidie maji kuondoka. Kwenye nchi kavu, tuta la namna hiyo hupigwa jua na upepo pande zote na kukauka upesi. Chimba tuta la kuzama, sakafu yake iwe chini ya njia kwa kiganja kimoja, changanya samadi iliyooza vizuri, na kingo zizuie maji yasitoroke.

Maji mengine hupotea chini ya mizizi, na huko hakuna anayeyaona. Udongo wa kichanga hushika maji kidogo, hivyo unataka kiasi kidogo mara kwa mara, hata kila siku. Tifutifu hushika zaidi na unaweza kungoja siku mbili tatu. Usiamini uso wa udongo, kwani hukauka mapema huku chini kukiwa na unyevu wa kutosha. Chimba kwa panga kando ya mmea hadi kina cha sentimita 20, chukua udongo wa chini na uukamue kiganjani. Kwenye tifutifu, ukishikamana na kuacha unyevu mkononi, funga koki. Ukimomonyoka, mwagilia, na iwe alfajiri au jioni upepo ukitulia.

Watu wengi wakisikia kuokoa maji hufikiria mipira ya matone tu. Ni kweli matone yana faida kubwa: FAO hukadiria kwamba umwagiliaji wa mifereji hufikishia mimea karibu asilimia 60 ya maji yanayofika shambani, na wa matone asilimia 90. Lakini asilimia hizo 90 ni za mtu anayefunga koki kwa wakati. Kwenye kichanga, unyevu wa tone hushuka wima, mwembamba kama karoti, na koki ikiachwa wazi hadi mchana maji yote hushuka kusikofikiwa na mzizi. Kwa udongo huo vitundu viwe karibu karibu na muda uwe mfupi. Weka chujio, lisafishe, na fungua ncha za mipira mara kwa mara utoe matope.

Asiye na fedha ya mipira ana mtungi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ukizikwa hadi shingoni, ukajazwa maji na kufunikwa, huvuja polepole kupitia kuta zake. Udongo wa nje ukikauka, huvuta maji zaidi. Ukilowa, uvujaji hupungua wenyewe. Wachina waliandika juu ya njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kwa bustani ya nyumbani naipendekeza bila kusita.

Mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi ana jambo moja zaidi la kuangalia. Tone husukuma chumvi hadi ukingo wa sehemu iliyolowa, ambako hukusanyika kiangazi kizima. Manyunyu ya kwanza ya Novemba au Desemba huirudisha kwenye mizizi, na mmea uliokuwa na afya hunyauka ghafla. Kwa hiyo mvua hizo nyepesi zinaponyesha, usifunge matone. Yaache yaendelee kusukuma chumvi mbali na mizizi hadi inyeshe mvua kubwa ya kuizamisha chini kabisa.