Umehamia Linux? Kabla hujahangaika na programu za Windows, soma hii

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naulizwa sana swali hili: "Laptopu yangu imekataa Windows 11, fundi anataka kunipigia Linux. Je, programu zangu za Windows zitafanya kazi?"

Jibu fupi: nyingi hutazihitaji tena. Ila moja au mbili zinaweza kukuliza kama hukujipanga. Mimi zililiza kweli, ngoja nikusimulie.

Nauza mashuka na mapazia mtandaoni. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, RAM 4GB, prosesa ya zamani. Windows 11 inataka prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na yangu haikukidhi. Fundi akafuta kila kitu, akanipigia Linux Mint. Ikawa nyepesi, nikafurahi.

Asubuhi yake nataka kuangalia madeni, nakwama. Programu niliyokuwa naandikia stoku na madeni ni ya Windows tu. Faili lake nililitunza kwenye flashi, sawa, lakini hakuna programu nyingine inayolifungua.

Nikakesha usiku tatu na Wine. Hii ni programu ya bure, ilianza 1993, kazi yake ni kufanya programu za Windows zifunguke ndani ya Linux. Zipo zinazokubali vizuri tu. Yangu ilifunguka, ila ukurasa wa madeni ukaja mweupe. Wateja 11, jumla Sh 412,000, na kichwani sikumbuki nani kalipa nusu na nani kamaliza. Kuna dada mmoja nilimkumbusha deni mara mbili, kumbe alishamaliza kitambo. Mpaka leo hajanunua kwangu tena.

Mwisho nikaazima kompyuta ya kaka yangu yenye Windows. Nikaweka ile programu, nikafungua faili, nikalitoa kama faili la Excel. Haikufika nusu saa. Nikalifungua kwenye LibreOffice huku kwenye Linux, kila kitu kipo. Nikaangalia vizuri nikajicheka: programu nzima ile, mimi nilikuwa natumia safu nne tu. Jina, bidhaa, alicholipa, anachodaiwa.

Kwa hiyo usianze na "programu yangu itafunguka?" Anza na "hii programu inanifanyia kazi gani?" Chukua karatasi, kwa wiki moja andika kila unachofanya kwenye kompyuta, halafu gawa mafungu matatu.

FUNGU LA 1: Kazi za kwenye brauza
WhatsApp Web, Facebook, Instagram, Gmail, Canva, Google Sheets. Hizi zinataka Chrome au Firefox tu, na zote mbili zipo kwenye Linux. Kwa wengi wetu hapa ndipo kazi kubwa ilipo.

FUNGU LA 2: Kazi zenye mbadala
Word na Excel unazibadilisha na LibreOffice, ya bure, inafungua mafaili ya docx na xlsx. Angalia mambo mawili. Faili la Excel lenye makro linaweza kugoma. Pia mpangilio wa maandishi unaweza kusogea kidogo, kwa hiyo ankara ya mteja itume kama PDF. Kwa picha za bidhaa ipo GIMP. Kama umezoea Photoshop utahangaika siku za mwanzo kwa sababu vitu havikai pale ulipovizoea.

FUNGU LA 3: Kazi ambazo lazima Windows
Mfano Photoshop yenyewe, au programu ya mauzo ya dukani iliyounganishwa na printa ya risiti. Hapa una njia tatu:

- Wine. Kabla hujakesha kama mimi, ingia AppDB kwenye tovuti ya Wine, tafuta jina la programu yako. Watumiaji wanazipa daraja, kuanzia Platinum mpaka Garbage. Ukikuta Garbage, nenda kalale.
- Kuendesha Windows ndani ya Linux kwa kutumia VirtualBox. Inafanya kazi, ila inakula RAM. Kwenye 4GB utateseka, na leseni ya Windows bado utaihitaji.
- Kuweka Windows na Linux kwenye mashine moja, unachagua moja unapowasha. Ila kama ni ile Windows 10 isiyopata tena marekebisho ya usalama, ifungue kwa hiyo kazi moja tu, tena bila intaneti.

Na kama kazi ya fungu la tatu ndiyo inayokulisha kila siku, bana, baki Windows. Hakuna anayekupa tuzo kwa kutumia Linux. Jichange taratibu upate mashine nyingine.

KABLA FUNDI HAJAFUTA CHOCHOTE:

1. Toa stoku, madeni na namba za wateja kwenye programu yako kama faili la Excel au CSV. Kunakili folda la programu peke yake hakutoshi, mimi ndipo nilipokosea.
2. Lifungue hilo faili kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yako. Likisomeka, uko salama. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi na moja mtandaoni.
3. Mwambie fundi akuwekee Linux Mint kwenye flashi ya 8GB. Unaweza kuiwasha kutoka hapo hapo bila kugusa Windows yako. Jaribu Wi-Fi, jaribu kuchapa risiti, fungua faili lako la madeni.
4. Ikikubali yote, ndiyo umwambie afute.

Kama kuna programu ya Windows inayokuzuia kuhama, itaje hapo chini na useme inakufanyia kazi gani. Nikiijua mbadala yake nakujibu, na asiyehama bado anaweza kufanya namba 1 leo jioni.