Kumfunga Mzee Si Kumlinda

Huko Marekani wazee wengi wasioweza tena kujitunza hukaa katika nyumba maalumu, ambako wauguzi huwatazama usiku na mchana. Zamani ilikuwa desturi katika nyumba hizo kumfunga mzee kwa mikanda kitandani au kitini. Wengi waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walisema, "Twamfunga asije akaanguka akavunjika mfupa."

Je, yalikuwa kweli hayo? Mwaka 1992 Daktari Mary Tinetti na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Kwa muda wa mwaka mmoja waliwaangalia wazee 397 katika nyumba 12 za Connecticut. Hapo mwanzo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akifungwa, lakini baadaye 122 walifungwa. Katika hao, 21 walianguka wakaumia vibaya, yaani 17 katika kila 100. Katika wale 275 wasiofungwa, walioumia hivyo walikuwa 15 tu, yaani 5 katika kila 100. Pengine mtu atasema kwamba waliofungwa walikuwa dhaifu zaidi tangu awali. Wachunguzi walilipima jambo hilo pia, wala hawakuona dalili kwamba mikanda iliwakinga.

Sababu si ngumu kufahamu. Mguu usiotembea hupungua nguvu. Basi siku mzee anapofunguliwa, au anapojinasua mwenyewe, hawezi kusimama. Tena, kukaa mahali pamoja huleta vidonda, na moyo huingiwa na huzuni.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 ilikataza kumfunga mzee ili kumwadhibu au kuwapunguzia watumishi kazi, na tangu hapo desturi hiyo imepungua sana. Wauguzi walijifunza kuuliza kwanza: Kwa nini anainuka? Huenda ataka kwenda chooni, au ana kiu, au anaumwa. Mzee hupewa kitanda kilicho karibu na sakafu, viatu visivyoteleza, na mtu wa kutembea naye kila siku.

Nasi tunaokaa na babu na bibi zetu nyumbani tusijisifu upesi. Mara ngapi twamwambia mzee, "Kaa hapo hapo, usije ukaanguka"? Afadhali tumwulize anataka kwenda wapi, tumpe fimbo yake na mkono wetu, tutembee naye polepole.