Sinema ya Mji Uliozikwa na Hukumu ya Watazamaji Wake
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliwaeleza wasomaji habari za Pompeii, mji wa Warumi uliozikwa na mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, tukataja pia sinema yenye jina la mji huo, iliyoongozwa na Paul W. S. Anderson na kutolewa mwaka 2014, ambayo imeugeuza msiba wa maelfu ya watu kuwa kisa cha mtumwa mpiganaji, Milo, na binti wa tajiri, Cassia. Leo tumeazimia kuwasikiliza watazamaji. Wapo wanaodhani ya kuwa rai ya mtu asiyesoma tarehe ya Warumi wala elimu ya miamba haina thamani. Mimi si miongoni mwao, kwani katika banda la video la hapa Usinge nimesikia hoja ambazo wahakiki wa magazeti makubwa hawakuzigusa.

Yafaa kwanza ifahamike hali ya watazamaji wenyewe. Nchi yetu ya Unyamwezi imekaa juu ya jabali kongwe la matale, ambalo wataalamu huukadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na Bonde la Ufa lilipoipasua Afrika ya Mashariki halikuliweza jabali hilo, bali liligawanyika likalizunguka, mkono mmoja ukashika njia ya mashariki penye Ol Doinyo Lengai, na mkono wa pili ukafuata magharibi, katika maziwa ya Tanganyika na Kivu, hadi milima ya Virunga. Sisi tumo katikati, salama. Milima ya moto twaijua kwa masikio tu, kwa habari ziletwazo na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kama ambavyo kabla ya reli habari zote za maziwa zililetwa na misafara ya Ujiji. Aidha, sinema za kigeni hapa aghalabu hutazamwa zikiwa zimekwisha kutiwa sauti ya mfasiri, kwa mtindo uliompa sifa Lufufu wa Dar es Salaam, na mfasiri wa namna hiyo husimulia, hutania, huonya, na pengine huongeza yasiyokuwamo. Basi mtazamaji wetu hupokea sinema mbili kwa pamoja, ya picha na ya maneno, naye huzihukumu zote mbili.

Vijana waliotoka katika mashamba ya tumbaku waliisifu kwa mapigano ya uwanjani, wakaishutumu kwa mubalagha: mlima unarusha mawe ya moto kama kwamba una macho, ukimwacha Milo na kumpiga aliye kando yake. Wengine, waliokwisha kuona sinema nyingi, walisema kisa chenyewe ni cha kuazima, nusu yake imetoka katika Gladiator ya mwaka 2000 na nusu yake katika Titanic ya mwaka 1997, na kwa neno hili walikubaliana, pasipo kujua, na wahakiki wa Ulaya na Marekani. Akina mama hawakuyajali hayo. Wao waliuliza kwa nini wale wawili, walipokwisha kujua kwamba hawana pa kukimbilia, wapewe nafasi ya kubusiana mbele ya wingu la moto, ilhali mama na baba wa binti walikufa ovyo na sinema ikaendelea bila hata kuwaombolezea. Swali hili naliona zito kuliko lile la mubalagha, na sijapata kulisoma mahali popote.

Lakini hukumu iliyonikalia moyoni ilitoka kwa mzee mmoja mfanyabiashara, ambaye biashara ya dagaa na vitenge ilimfikisha Goma, na aliyekuwako huko tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipopasuka ubavuni na zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikateremka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani Kivu, na kuwaacha zaidi ya watu laki moja bila makao. Kijana mmoja alimwuliza kwa adabu, "Mzee, hivi ndivyo ilivyokuwa?" Akajibu, "Hapana, mwanangu. Hawa hawana mizigo."

Alichokusudia alikieleza baadaye. Katika sinema watu hukimbia mikono mitupu, kwa mkupuo mmoja, wakipiga kelele. Katika Goma watu walitoka na magodoro, masufuria, mbuzi na wagonjwa, wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, na wengi hawakumaliza hata siku tatu huko, wakarudi wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na joto, kwa sababu ugenini hapakuwa na maji wala chakula. Wengine waliponea motoni kisha wakafia penye kituo cha mafuta kilicholipuka siku chache baadaye, watu walipokuwa wakichota petroli. Msiba wa kweli, kwa maneno ya mzee huyu, una kwenda na kurudi, una foleni, una mabishano ya mume na mke juu ya kufunga au kutofunga mlango.

Nami nimeupima usemi huu kwa habari za Vesuvius wenyewe, nikaona ya kuwa una haki. Zilizala kubwa iliutikisa mji ule mwaka 62, na mafundi walikuwa bado wanatengeneza nyumba mauti yalipowafikia, miaka 17 baadaye. Siku ya msiba mvua ya mawe mepesi yenye matundu ilinyesha kwa muda wa saa 18 hivi kabla wingu la majivu na hewa ya moto halijashuka asubuhi ya pili na kuwaua waliosalia. Na wengi katika wakazi, kwa dhana ya wataalamu, walikwisha kutoka katika saa hizo. Saa 18 ni muda wa kula, kulala, kushauriana, kuondoka, na hata kurudi kufuata kilichosahauliwa. Sinema imezikaza zikawa kama saa moja. Basi dhambi yake kubwa si kuutukuza mlima kupita kiasi, bali ni kuwanyang'anya wale watu muda wao, na pamoja na muda huo hiari zao; tuwaonao kwenye kioo hawakuchagua lolote, wamekutwa tu. Kuhusu wimbi kubwa ambalo katika sinema linaingiza jahazi mitaani, Pliny Mdogo, aliyeshuhudia kutoka ng'ambo ya ghuba, aliandika kwamba bahari ilirudi nyuma ikaacha viumbe vyake mchangani, lakini jahazi la mitaani ni la mtengenezaji.

Hata hivyo shahidi wetu naye alikosea jambo moja, aliposema kwamba sinema ni ya uongo kwa sababu haina mto wa moto. Milima haina tabia moja. Zaha ya Nyiragongo ina upungufu mkubwa wa madini yaitwayo silika, kwa hiyo ni nyepesi ajabu, na tarehe 10 Januari 1977 ziwa zima la moto lilikauka kileleni katika muda usiozidi saa moja, likateremka kwa mwendo uliowashinda watu na hata tembo. Ya Vesuvius ya mwaka 79 ilikuwa nzito, imejaa hewa iliyobanwa, nayo haikutiririka mjini bali ilipasuka ikawa vumbi na mawe angani. Ya Ol Doinyo Lengai ni ya namna nyingine tena, kwani hutoka nyeusi, na joto lake ni kama nusu tu ya zile nyingine, kisha ikikaa hugeuka nyeupe. Anayeujua mlima mmoja hajawa kadhi wa milima yote.

Iko sinema nyingine ambayo watazamaji wa dunia nzima waliicheka kwa sababu ya jina lake tu, nayo ni Krakatoa, East of Java, ya mwaka 1968, maana jina hilo linakiweka kisiwa mashariki ya Java hali kiko magharibi yake. Kicheko hicho ni halali, ila kimeficha la maana. Krakatoa ilipolipuka mwezi Agosti 1883, sauti yake ilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 katika Bahari ya Hindi, na watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi. Na mwezi Julai 1884 mawe yale mepesi yalielea hadi pwani ya Unguja, pamoja na mafuvu na mifupa ya wanadamu, wakayaokota watoto wa shule ya misheni ufukweni. Wakati huo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishusha pembe Bagamoyo, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Laiti mtengenezaji angaliijua picha hiyo, asingalihitaji hazina ya lulu aliyoibuni.

Na je, ipo picha ya mlima wa moto iliyotengenezwa bila mapenzi wala mapanga, nayo ikawafaa watazamaji? Ipo. Maurice Krafft na mkewe Katia, wataalamu wa Kifaransa waliowahi pia kufika Ol Doinyo Lengai mwaka 1988, walikusanya picha za kweli za namna volkano zinavyoua, na kanda hiyo ilionyeshwa huko Ufilipino mwaka 1991, mlima Pinatubo ulipoanza kutoa moshi, mbele ya viongozi na raia ambao hawakuwa wamepata kuona wingu la moto likishuka mlimani. Makumi ya maelfu walihama kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni, na maelfu wakasalimika. Wenyewe Krafft hawakuyajua hayo, kwani tarehe 3 Juni, katika mlima Unzen wa Japani, wingu la namna ile ile liliwaua pamoja na wengine 41. Katika waliokufa Pinatubo, wengi waliangukiwa na mapaa, kwa sababu siku hiyo ilipita tufani, mvua ikayalowesha majivu, yakawa mazito kuliko mbao zilivyoweza kuyachukua. Hilo nalo silioni katika sinema ya Anderson wala katika ile ya Krakatoa.

Sehemu ya tatu itahusu mazuku, hewa nzito isiyoonekana ambayo huua watu na mifugo katika mabonde ya Kivu hata mlima ukiwa umelala.