Kabla ya Kumwambia Mfanyakazi Asirudi Kesho

Ajira ikitajwa mjini Laare, Igembe Kaskazini, wengi hufikiria miraa kwanza. Hata hivyo, wapo wakazi wanaopata mshahara kutoka kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, makao ya watoto, makanisa na miradi ya maji. Ni walinzi, wapishi, madereva, makarani na wahudumu wa nyanjani. Mara nyingi mkurugenzi wao yuko Meru mjini au Nairobi. Anayepanga zamu, anayeruhusu likizo na anayepiga simu mambo yakiharibika ni mratibu wa mradi au matroni, ambaye alipandishwa cheo kwa kuwa alifanya kazi yake vizuri. Sheria ya kazi hakuisomea.

Huyo ndiye anayefaa kupata mafunzo kabla ya wengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inapoeleza mwajiri ni nani, inawataja pia wakala, nyapara na meneja wa mwajiri. Kwa maneno mengine, agizo lililotolewa na mratibu akiwa Laare linaweza kuhesabiwa kuwa agizo la shirika lenyewe, hata kama bodi haikuwa na habari.

Chukua mfano wa mlinzi anayepokea Sh25,000 kwa mwezi. Asubuhi moja magunia mawili ya maharagwe hayaonekani stoo. Mratibu, kwa hasira, anamwandikia kwenye simu: “Kuanzia leo usirudi.” Huenda mlinzi ameiba kweli. Lakini hata akiwa ameiba, shirika linaweza kushindwa kesi, kwa sababu mahakama huuliza maswali mawili. Je, kulikuwa na sababu halali? Na je, utaratibu ulifuatwa? Jibu zuri kwa swali la kwanza haliponyi kosa katika la pili.

Utaratibu wenyewe umo katika kifungu cha 41, na si mgumu. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kushindwa na kazi kiafya, mwajiri anatakiwa kumweleza sababu anayoifikiria, kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, katika kikao hicho. Kisha wote wawili wasikilizwe kabla uamuzi haujatolewa. Hata kosa kubwa linaloruhusu mtu kufutwa papo hapo, kama wizi au ulevi kazini, haliondoi wajibu huo wa kusikiliza.

Maneno “kwa lugha anayoielewa” yana uzito wa pekee huku kwetu. Barua ya Kiingereza iliyotumwa kutoka makao makuu haimtoshi mlinzi anayezungumza Kimeru na Kiswahili tu. Msimamizi amsomee na kumfafanulia, na iandikwe kwamba alifafanuliwa kwa lugha gani, siku gani, na mbele ya nani. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu uliotiwa sahihi siku ya kikao una nguvu kuliko maelezo marefu yanayotungwa kesi ikishafika kortini.

Mahakama ikiona mtu aliachishwa isivyo haki, inaweza kumpa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kwa mlinzi wetu kiwango hicho cha juu ni Sh300,000, mbali na ilani, likizo na malimbikizo mengine anayodai. Ni wafadhili wachache watakaokubali kulipa gharama kama hiyo kutoka kwenye fedha za visima au chakula cha shule.

Eneo la pili lenye makosa ni vibarua na wale wanaoitwa “wa kujitolea”. Mtu akiajiriwa kwa kutwa, kisha akafanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamfanya mwajiriwa wa kila mwezi, hata kama jina lake bado limo kwenye daftari la vibarua. Na mpishi anayefika saa kumi na mbili kila asubuhi, anayepewa amri na kulipwa “posho” ileile kila tarehe 30, atapata shida kuaminiwa na hakimu kwamba ni wa kujitolea? Hapana. Mwenye shida atakuwa mwajiri.

Likizo haina utata mwingi: siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, wiki mbili kwa baba. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, wala kulalamika dhidi ya mwajiri.

Kisha kuna mradi unaokwisha. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini Kenya walipata habari ghafla. Msimamizi ndiye aliyebaki akiulizwa maswali. Mkataba wa muda maalum ukifika tarehe yake, kwa kawaida huisha wenyewe. Lakini ukikatwa katikati kwa sababu fedha zimekauka, huko ni kupunguza wafanyakazi, na kifungu cha 40 kinatumika: ilani ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, vigezo vya haki vya kuchagua anayebaki, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mlinzi aliyefanya kazi miaka minne angepata takriban Sh50,000 kwa kipengele hicho pekee. Shirika lenye busara huliweka fungu hilo kwenye bajeti tangu mwanzo. Mratibu naye asiwaahidi watu “mtaongezewa tu”, kwani ahadi kama hiyo inaweza kuletwa kortini kama ushahidi.

Masuala ya kazi yako chini ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Kwa hivyo mkazi mwenye malalamiko, na pia msimamizi anayetaka ushauri kabla ya kuandika barua, aende kwa afisa wa leba mjini Meru. Malalamiko kuhusu kuachishwa kazi hupelekwa kwa afisa huyo ndani ya miezi mitatu. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Beba mkataba kama upo, ujumbe wa simu, na rekodi za malipo, zikiwemo za M-Pesa. Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa: kuuandaa ni wajibu wa mwajiri.