Kupiga Picha Pangoni

Mpiga picha aliye uwanjani hupewa nuru na jua. Aliye ndani ya pango hana nuru ila ile aliyoichukua mwenyewe. Mwaka 1866 Charles Waldack aliingia Mammoth Cave, pango kubwa la Kentucky, Marekani, akapiga picha kwa kuwasha magnesiamu, madini yenye mwako mweupe mkali. Lakini madini hayo hutoa moshi, nao ukitanda, kamera haioni kitu.

Leo tuna taa za umeme, ila taabu hazikwisha. Unyevu hufunika kioo cha kamera, na pumzi yetu hutokea pichani kama ukungu. Taa ikikaa karibu na kamera, mawe huonekana bapa. Ikiwekwa kando, vivuli huonyesha kina. Tena yafaa mtu mmoja asimame mbali, ili ukubwa wa pango ujulikane.

Thawabu yake ni kubwa. Mawe yaning'iniayo hujengwa tone kwa tone kwa maelfu ya miaka, na likivunjwa moja halirudi. Kwa picha, mzee asiyeweza kutambaa pangoni huyaona akiwa kitini pake, nayo yamebaki mazima mahali pake.

Basi tuendapo mapango ya Amboni, karibu na Tanga, twende na kiongozi na taa ya akiba, wala mkono usiguse jiwe.